Kadi Yangu Kwenye Ubao wa Mwende

Jamani, ngoja nianze kucheka mimi mwenyewe, ili mkija kucheka nanyi nisijisikie vibaya, maana habari hii nilikuwa nimeapa kuizika, na nisingeitoa leo kama isingekuwa imeshanitangulia hadi sokoni, ambako juzi nilimsikia muuza maembe nisiyemjua akimnong'onezea mwenzake, "Huyu ndiye mwalimu wa chini ya meza." Basi heri niwasimulie mwenyewe kuliko kusimuliwa.

Mimi ni Mwalimu Kalondu, nafunza gredi ya tatu katika shule moja nje kidogo ya mji wa Machakos, na kabla ya siku ile nilijiona mwalimu wa kupigiwa mfano (nani asiyejiona?). Likizo ya Agosti tukaitwa kwenye mafunzo ya siku tano katika ukumbi wa kanisa, walimu kama thelathini hivi na wauguzi kadhaa, tujifunze jinsi ya kuwasaidia watoto wenye usonji na wale wanaopata shida ya kujifunza. Mkufunzi wetu, Madam Syombua, alikuwa mama mpole anayevaa raba ili hata nyayo zake zisiwasumbue watoto, na anaongea polepole mpaka unahisi usingizi mtamu, ingawa kila alichosema kilikuwa na uzito wake.

Kitu alichokitilia mkazo zaidi kilikuwa ubao wa ratiba ya picha. Mtoto mwenye usonji, alituambia, mara nyingi hutulia akijua nini kinakuja baada ya nini, kwa hiyo unampangia kadi za picha ubaoni, sala, wimbo, chai, mchezo, na jambo likimalizika anaibandua kadi mwenyewe, anaitia kwenye kasha na kusema, "Imeisha." Siku ya Ijumaa, mbele ya wageni, mmoja wetu angeonyesha kazi hiyo na mtoto halisi, na mimi nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kuuliza.

Mtoto mwenyewe alikuwa Mwende, msichana wa miaka tisa aliyeingia darasani kwangu muhula wa pili baada ya shule mbili kumrudisha nyumbani. Mwende haongei sana, anapenda kupanga vitu kwenye mistari, na kelele zikizidi anaziba masikio na kulia kilio cha kukuumiza moyo. Mama yake anauza nyanya na sukuma sokoni, na nilipomfuata kibandani kumwomba amlete Ijumaa, hakunificha neno.

"Mwalimu, mimi nimechoka kuitwa shule kuchukua mtoto analia," alisema, huku mikono yake ikiendelea kupanga nyanya. "Nitakuja nione na macho yangu. Akitulia, shule ikifunguliwa anarudi kwako. Akilia mbele ya watu vile alilia huko kwingine, atakaa na mimi hapa kwa kibanda, na usinitafute tena."

"Mama Mwende, vai thina," nikamjibu kwa Kikamba chetu cha kutuliza watu, na kifua nikakitoa mbele. "Hakuna shida kabisa. Wewe kuja tu, ukae mbele."

Sasa sikilizeni nilipoharibu. Ubao wetu ulikuwa na nafasi nane tu, na Alhamisi jioni, nikiwa naondoka kwenda kuchapisha kadi, Madam Syombua alinishika mkono akaniambia, "Kalondu, nafasi moja uiache ya kadi ya mabadiliko, ile ya manjano ya kumwonyesha kwamba ratiba imegeuka, na umzoeshe nayo asubuhi. Kesho tuko na mgeni, na wewe unajua wageni wetu na saa." Nikaitikia ndiyo, ndiyo, Madam. Nilipofika saiba, kule kwenye kompyuta za kukodi, nikazipanga kadi zangu mezani, nikaona kuna sala, kuna wimbo, kuna mgeni wa heshima, kuna chai, kuna kila kitu isipokuwa mimi. Mimi, mwenye maonyesho! Nikamwambia kijana wa saiba aitoe ile ya manjano, aweke picha yangu niliyopigwa kwenye harusi ya dada yangu, nikiwa na kitenge cha mabega yaliyosimama na midomo imeiva rangi. Nikajidanganya kwamba mtoto anahitaji kumtambua mwalimu wake (mtoto aliyeniona kila siku muhula mzima!). Tena kwenye kadi ya chai, badala ya vile vikombe vya plastiki tulivyokuwa tukinywea kule nyuma, nikaweka picha ya meza ya wageni niliyoipiga Jumatatu wakati wa ufunguzi, kitambaa cheupe, maua ya plastiki, thamosi kubwa na sinia ya mandazi, kwa sababu ilipendeza zaidi.

Ijumaa ikafika. Mwende alikuja amevaa sweta ya kijani, ameshika mkono wa mama yake, wakakaa mbele kabisa kama nilivyojigamba. Pasta alianza sala, na mnawajua mapasta wakipewa kipaza sauti, alikuwa ameshaombea warsha, kaunti na taifa, akawa ndiyo kwanza anaingia kwenye mvua za Ukambani, dakika tano nilizoitegea sala kwenye simu yangu zikaisha na simu ikalia, ishara niliyokuwa nimemzoesha Mwende kwamba jambo limekwisha. Mwende akasimama, akatembea mpaka ubaoni, akabandua kadi kwaruuu, akaitia kwenye kasha na kutangaza, "Imeisha." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, pasta naye, Mungu ambariki, akasema amina palepale. Wimbo nao ukapita salama. Mimi nikawatazama wenzangu kwa jicho la mnaona mambo yangu?

Kadi ya tatu ilikuwa ya mgeni, Mzee Kioko, mwenye duka kubwa la hadiwea mjini, la misumari na mabati, ambaye ndiye aliyejitolea kutulisha wiki nzima. Picha yake ipo ubaoni, yeye hayupo. Akapigiwa simu, akasema, "Niko hapo tu nakaribia," huku nyuma yake jogoo anawika, na jogoo huyo hakuwa wa mjini. Basi mfawidhi wa sherehe, ili watu wasichoke, akaita kwaya ya akina mama ijaze nafasi, na kwaya ikaja na ngoma zake na vigelegele.

Mwende akatazama ubao. Kadi ya kwaya haipo. Akatazama picha ya mzee, akatazama mlango, akairudia picha, kisha akaanza kujitikisa mbele na nyuma na mikono ikapanda masikioni. Madam Syombua akanisogelea.

"Kadi ya mabadiliko iko wapi?"

"Ili... ilikosa nafasi, Madam."

Aligeuka akauangalia ubao, akaiona midomo yangu myekundu pale ilipotakiwa kuwa kadi ya manjano. Mtoto alianza kulia. Mama Mwende akainua mkoba wake kutoka sakafuni, akauweka begani, nami nikaona muhula wa tatu wa yule mtoto unatoka mlangoni hivi hivi kwa sababu ya picha ya harusi.

Hofu ikanivaa. Nikakimbilia ubao, nikaing'oa kadi ya chai na kuipandisha juu. "Mwende! Mwende, chai! Sasa ni chai!" Akanyamaza, akaisogelea kadi, akaichunguza vizuri kabisa, akaondoka. Nikashusha pumzi, nikijua anaelekea nyuma kwenye vikombe. Wapi! Kadi ilionyesha meza ya wageni, naye akaenda meza ya wageni, akavuta kiti kikubwa chenye mto, akakaa, akachukua andazi la juu kabisa na kuling'ata.

Nyinyi mnajua desturi yetu. Mgeni wa heshima hajafika, hata nzi hagusi ile sinia. "Asi!" mama mmoja wa kwaya akapiga kelele, "hiyo ni ya mgeni!" Na kana kwamba shetani alikuwa na saa mkononi, sekunde ileile Mzee Kioko akatokea mlangoni na kofia yake, mfawidhi akanguruma kwenye kipaza sauti tumpigie makofi ya kilo, watu thelathini na kwaya yote wakasimama wakayapiga. Mwende akaporomoka kutoka kitini akaingia chini ya meza, akilia kwa nguvu zake zote.

Mimi nikatimua mbio. Nilikuwa na viatu vya kisigino (raba ni za wakufunzi, nilisema Jumatatu), na kisigino kikashika kitambaa cheupe, na kitambaa kikaja na kila kilichokuwa juu yake, maua, chupa za maji, thamosi, mandazi, nami nikaanguka katikati yao. Chai ikanimwagikia kuanzia shingoni (ilikuwa imepoa kwa kumsubiri mgeni, ndiyo bahati niliyopata siku nzima). Kichwa na mabega vikaingia chini ya meza kwa Mwende, na mwili wote uliobaki, ambao si mdogo, ukabaki nje ukimwangalia mgeni wa heshima. Nikasikia simu zikipiga picha. Nikasikia pia sauti nzito ya Mzee Kioko ikiuliza kwa adabu zote, "Hii pia iko kwa programu?"

Na kule chini ndiko nilikofanya kila kitu tulichokatazwa siku tano. Nilimshika Mwende mkono kwa nguvu, nikambwagia maneno kama mvua, pole Mwende, kuja Mwende, usiogope Mwende, tazama mwalimu, na kadiri nilivyoongea ndivyo alivyozidi kulia na kujivuta nyuma.

Kisha nikaona pindo la leso aliyojifunga mama yake likitokea. Mama Mwende hakuja karibu. Aliinua kiganja kuelekea kwaya, na kwaya ikanyamaza, mfawidhi akanyamaza, halafu mama akakaa chini hatua mbili kutoka kwetu na kuniambia bila kunitazama, "Mwalimu, mwachilie." Nikamwachilia. Akangoja. Wallahi alingoja mpaka nikadhani amesahau lililomleta.

"Mwende," akasema mwishowe, taratibu. "Kwanza mandazi. Halafu keti."

Hakuna kitu. Akangoja tena, akarudia maneno yaleyale bila kuongeza hata moja. Baada ya mara ya tatu mkono mdogo ukatoka chini ya meza, ukaokota andazi, ukaliweka kwenye sinia. Likafuata lingine. Mwende akatoka mzima, akawa anaokota na kuyapanga kwa mistari, ncha zote zikitazama upande mmoja, na machozi yakakauka yenyewe. Mzee Kioko, na goti lake bovu, akainama akaokota lililokuwa limejificha nyuma ya kiti, akaliweka kwenye sinia, lakini kombo. Mwende akalitazama, akalinyoosha. Kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha kando ya mkoba wa mama yake, akasema, "Imeisha."

Ratiba ilisema baada ya hapo ni mimi kuongea. Madam Syombua akaibandua kadi yangu bila hata kuipigisha kelele, akanipa mkononi, na kipaza sauti akampelekea Mama Mwende.

"Mimi sina hotuba," mama akasema, amekishika mbali na mdomo kana kwamba kinauma. "Huyu mimi naambianga vitu mbili tu. Kwanza hii, halafu hii. Ya tatu inamchanganya. Soko ikiwa na kelele, simshiki, nakaa chini nangoja. Hizi kadi ni nzuri, lakini nane ni mingi, walimu. Hata mimi nimesahau ya kwanza."

Watu wakacheka, kisha nikaona kalamu zinatembea kwenye madaftari kuliko zilivyotembea wiki nzima. Muuguzi mmoja akamuuliza alijifunzia wapi hayo yote.

"Ningefunzwa na nani? Ni mtoto wangu," alijibu. "Na hakuna mwalimu amewahi kuniuliza."

Nilikuwa nimeketi pembeni nikikamua chai kwenye kitenge, na maneno yale yalinichoma, kwa sababu nilikaa na Mwende muhula mzima, nikamwita mama yake shuleni mara nne, na mara zote nne mimi ndiye niliyeeleza, yeye akasikiliza. Aibu ya kuanguka ilikuwa ya dakika tano. Hiyo nyingine bado ninayo.

Watu walipotawanyika nikamfuata nje, nimejaa madoa ya chai kuanzia shingoni hadi magotini.

"Mama Mwende," nikasema, "najua nilichokuambia na najua ulichoona. Utamrudisha?"

Akamfunga Mwende vifungo vya sweta, vyote, bila haraka.

"Nitamrudisha," akasema. "Lakini wiki ya kwanza na mimi nitakuja, nikae huko nyuma."

"Sawa kabisa. Kumwangalia Mwende."

"Apana, mwalimu. Kuangalia wewe."

Na alikuja kweli, akakaa nyuma kwenye kiti cha watoto akitoa maharagwe kwenye maganda yake, na kila nilipoanza kuongea sana nilimsikia akikohoa. Mwende yupo darasani mpaka leo. Mimi nami nimeapa, nikiletewa mtoto, kabla sijachapisha kadi wala kufungua faili, navuta kiti mbele ya mzazi na kumuuliza, "Nyumbani huwa mnafanyaje?" Halafu nanyamaza nisikilize, na wanaonijua watawaambia kwamba hiyo kwangu si kazi ndogo.