Majina ya Waliozikwa Maparoni

Wiki iliyopita muuguzi mmoja mstaafu aliniletea laptopu yake mpya hapa steshenari kwangu, Kibiti, kando ya barabara kuu. Siku hizi ndiyo kazi yangu. Mtu akinunuliwa kompyuta na wanawe walioko Dar es Salaam, mimi namfungulia boksi, namwekea lugha, saa na jina lake, kisha namketisha nimfundishe. Hiki ni kioo, hii ni kibodi. Faili ni karatasi yako, folda ni mkoba wa kutilia karatasi. Mama wa watu alielewa haraka, akaandika barua nzima, halafu akashusha kifuniko huku anatabasamu. Nikapiga ukelele: "Umehifadhi?" Waliokuwa wakisubiri fotokopi wakacheka. Wamenizoea, wanasema nina ugonjwa wa kuhifadhi. Najua kompyuta za sasa hazipotezi kitu kwa kufunikwa tu. Lakini kila nikiona kifuniko kinashuka mwili unanisisimka, na sitakudanganya kwamba nitapona.

Kaa nikusimulie, maana sijawahi kumsimulia mtu.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, naishi na bibi mzaa mama nyumba ya tatu kutoka kwenye mashine ya kusaga. Soko huria lilikuwa limetufikishia mitumba, redio za kaseti na kibanda cha video, na jirani yetu mwenye mashine alikuwa na jenereta iliyonguruma kuanzia adhuhuri mpaka amalize magunia ya siku hiyo. Mimi nilitwanga mpunga, nikapepeta, nikakuna nazi. Harufu ya pumba na ya dizeli zilichanganyika uani mpaka leo siwezi kuzitenganisha. Chumba cha uani alipanga mwalimu, mtu wa bara, Mkristo mpole aliyekuwa akimwamkia bibi hata mara tatu kwa siku. Huyo ndiye aliyekuja na kompyuta ya kwanza niliyopata kuiona. Ilikuwa laptopu ya mtumba, nzito, na kitufe kimoja kimeng'oka. Jirani alimvutia waya kutoka kwenye jenereta, naye kwa shukrani akawa anatufundisha wote tuliotaka. Aliyetaka hasa nilikuwa mimi.

"Kuwasha si kazi," alikuwa akisema. "Kazi ni kuzima. Ukimaliza, hifadhi kwanza, uipe faili jina, ndipo uzime. Betri ya hii imekufa. Inaishi kwa waya tu."

Nilikariri maneno hayo kama nilivyokariri sura za chuoni. Kukariri nilijua.

Bibi alizaliwa Maparoni, kule delta, na huko ndiko walikozikwa watu wake wote. Mto ulihama, maji ya chumvi yakapanda, makaburi yakamegwa moja baada ya jingine mpaka hakikubaki hata kibao. Alipohamia Kibiti alikuja na majina tu. Kila mwezi wa Shaabani, kabla ya mfungo, tulisoma hitima, na bibi aliwataja wote kwa kichwa, zaidi ya arobaini, akianzia na mkubwa kabisa. Akikatizwa katikati ilibidi aanze upya. Alikuwa akiniambia kwamba aliyetajwa anapata fungu lake la dua, na asiyetajwa anakaa nje anasikiliza wenzake wakiitwa. Maneno hayo yalinitia hofu utotoni. Wakati wa hitima sikuthubutu kutazama mlangoni.

Mwaka ule bibi alianza kusahau. Sufuria anaitafuta nayo ameishika. Mjomba aliwahi kumwandikia majina kwenye daftari, mchwa wakalila. Akaandika jingine, nalo likaliwa. Ndipo mwalimu aliposema, "Humu mchwa hawaingii, bibi." Bibi akaitazama ile kompyuta muda mrefu, akanitazama na mimi. "Basi mke mwenzangu ataandika," akasema. Ndivyo alivyoniita kwa utani wa bibi na mjukuu.

Ijumaa moja mwalimu alikuwa amevuka mto pale Ndundu kwenda kusimamia mitihani, wakati huo bado kwa kivuko. Aliniachia kompyuta yake bila wasiwasi. Baada ya sala ya adhuhuri bibi akaketi mkekani, akafumba macho, akaanza. Mimi nabonyeza herufi moja moja kwa kidole kimoja, yeye ananisubiri, anarudia jina mpaka nimalize. Jasho lilimtoka. Alikuwa anakokota kila mmoja kutoka mbali, nilimwona. Alipotaja la mwisho, la mwanawe aliyefariki mchanga, akashusha pumzi na kusema, "Nimetua."

Hapo hapo adhana ya alasiri ikalia. "Funika, mke mwenzangu," akasema. "Usiache wazi, shetani atasoma."

Kwetu msahafu hauachwi wazi hata ukienda kunywa maji. Kitu chenye maneno mazito unakifunika, unakifunga kwa kitambaa cheupe, unakiweka juu. Na majina yale kwangu yalikuwa mazito kuliko kitu chochote kilichokuwamo nyumbani. Nikafunika kioo, nikaifunga kompyuta kwa kitambaa, bibi akaifukiza ubani. Nilijiona nimefanya adabu kubwa. Jirani akamaliza gunia lake la mwisho, jenereta ikakohoa, ikanyamaza. Sikushtuka hata kidogo.

Mwalimu alirudi Jumapili. Aliiwasha siku iliyofuata jirani alipoanza kusaga, akatafuta, akatafuta tena, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Uliipa jina gani?"

Nikamwambia sikuipa jina. Nilifunika tu.

Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Alisema, "Mwambie bibi leo. Leo bado anayo. Kesho itakuwa vigumu zaidi."

Sikumwambia. Niliogopa, hakuna zaidi ya hilo. Bibi alikuwa na furaha siku zile, anaimba akichambua mchele, anawaambia wageni kwamba watu wake wamepata pa kukaa. Kila asubuhi nilisema leo, na kila jioni nililala na siri yangu. Zilipita wiki mbili hivi. Hatimaye nikamkuta peke yake jikoni anapalia makaa wali wa nazi, nikajikaza. "Bibi, hebu nitajie tena wale wa Maparoni."

Akaanza vizuri. Wa kwanza, wa pili, mpaka wa sita. Akasimama. Akarudi mwanzo, akafika wa tano. Kisha akacheka, akanifuta masizi shavuni kwa ncha ya kanga. "Si umeandika? Kawasome humo. Mimi nimeshatua."

Nikajua nimewapoteza.

Shaabani ikafika. Bibi akataka majina yasomwe kwenye kompyuta, na nisome mimi. Mwalimu aliniwekea kompyuta sebuleni, akaiwasha. "Mimi sitasema kitu," akaninong'oneza, "ila humu sitakaa." Akatoka kwenda zake. Maalimu wetu wa chuoni akafungua dua, mjomba akashika kalamu na karatasi ili safari hii tuwe na nakala, wanawake wakakaa chumba cha pili na bibi katikati yao. Mbele yangu kilikuwapo kioo cheupe kisicho na hata herufi moja.

Nikasoma. Kumi na wawili niliwakumbuka kweli. Waliobaki niliwatunga. Nilichukua majina ya watu wa mtaani, nikayapa baba wengine, nikayasema taratibu nikifuata kwa kidole mistari isiyokuwapo. Maalimu akawarehemu mmoja mmoja, nyumba nzima ikaitikia amina. Nilipofika thelathini na kitu, akili ikakwama, na nikasema tu neno lililonijia: "Siwema binti Pazi, aliyekufa maji."

Chumba cha pili bibi akalia. Akalia kwa sauti, wakamshika. "Siwema," akasema. "Siwema wangu. Huyo alinibeba mgongoni tukivuka matope. Jamani nilikuwa nimemsahau."

Sikuwahi kumsikia Siwema yeyote, na mpaka leo sijui ni nani aliyelitia jina hilo mdomoni mwangu. Au labda bibi alikuwa amechoka kusahau, akampokea wa kwanza aliyeletewa. Nimeligeuza jambo hili miaka yote hii na halijanipa amani upande wowote.

Tangu siku ile Siwema akawa mtu wa nyumbani. Bibi alimsimulia kwa kila aliyeingia: sauti yake nzuri, pepeta ya mpunga mchanga aliyotwanga, mtumbwi uliopinduka. Kila mara akiongeza kidogo. Nami niliitikia kwa kichwa. Bibi alifariki mwaka huohuo kabla ya mavuno ya mpunga, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu, akaniambia ahsante kwa kumtunzia watu wake. Nilimwitikia. Ndilo jambo ninaloonea haya kuliko yote.

Mwalimu alihamishwa, sikumwona tena. Mashine ya kusaga haipo, pamejengwa vyumba vya maduka. Karatasi ya mjomba imechapwa upya mara nyingi, mara zote na mimi, na kila Shaabani inasomwa mbele ya ukoo mzima. Nayaandika majina ya uongo kwa mikono yangu na kuyahifadhi sehemu tatu. Wa kweli, thelathini na ushei, wanakaa nje mwaka hata mwaka. Wakati mwingine nikiwa dukani peke yangu mchana, jua kali, barabara imetulia, nahisi kuna watu wamesimama kizingitini. Hawaniambii kitu. Hata wangetaka kujitaja, nani angewaamini, nao hawamo kwenye karatasi?

Kaka yangu alipopata binti, ukoo ulikubaliana bila ubishi kumwita Siwema. Sasa ana miaka saba, mdadisi, na juzi alinijia akiwa ameshika ile orodha.

"Shangazi," akasema, "somo wangu, Siwema wa kwanza, alizikwa wapi?"

"Maparoni," nikamjibu. "Kaburi lake lilichukuliwa na maji."

Akaniomba nimpeleke akaone hayo maji. Nimemwahidi tutakwenda shule zikifungwa.