Stata ya Lori

Shemeji yangu Ovide Naquin hajawahi kununua kitu chenye jina lake halisi. Miwani yake ya jua imekosewa herufi moja. Buti zake nyeupe za mpira, zile ambazo wavuvi wa kamba wa huku kusini mwa Louisiana huzivaa mpaka kanisani, zilianza kuvuja wiki ya kwanza, akasema zinapitisha hewa. Dada yangu Earline akacheka. Amekuwa akimchekea tangu alipoolewa, na mimi nimekuwa nikimtazama mdomo, nikishangaa hauchoki.

Sina ugomvi na spea za kuiga. Mimi ndiye ninayepima kamba na kuuza barafu hapa gatini, na mashine yangu ya barafu inazungushwa na mkanda wa kampuni nisiyoweza hata kuitamka. Wapo wanaume hapa wanaopokea boksi lenye nembo ya mtengenezaji wa injini kana kwamba wanapokea ekaristi, na ukilifungua unakuta chujio lile lile, ila limepakwa rangi. Hao nawadharau kidogo. Ovide nilimdharau kwa moyo wote.

Mwaka mmoja stata ya boti yake, ile inayoamsha injini, ilikufa msimu ukikaribia kufunguliwa. Kwa wakala wa injini walimtajia bei akatoka anacheka peke yake. Akaenda kwa Bui Van Hoa, ambaye anauza spea za boti za kampuni nyingine, nzuri tu, kwa nusu ya bei. Hata hiyo akaiona ghali. Akaishia kwenye duka la malori kule barabara kuu, akarudi na stata ya lori, akaiweka pamoja na ile mbovu juu ya mizani yangu.

"Haya, shemeji, wewe mwenye macho makali, niambie tofauti. Bolti zile zile, meno yale yale. Bui anataka kuniuzia neno 'ya boti'. Neno linazungusha injini?"

"Tofauti ninaiona. Hii moja imekufa kwa heshima."

"Ungekuwa mke wangu, Verlie, ningekuwa maskini."

"Ningekuwa mke wako ungekuwa marehemu."

Watu wakacheka, naye akacheka kuwazidi. Aliifunga mwenyewe.

Kilichonishangaza ni ufunguo. Tangu anunue boti ile, ufunguo wake ulikaa shingoni mwake kwenye uzi wa nailoni, na alioga nao. Earline amevuta nyavu na kuchambua kamba kwenye boti ile mpaka vidole vikapinda, lakini ufunguo hakuwahi kuugusa. "Mwanamke ataijaza injini petroli," Ovide alizoea kusema. Sasa akauvua, akamvalisha yeye.

Earline alikuja kunionyesha kama mtu aliyevishwa mkufu wa dhahabu. "Ameniamini, Verlie. Baada ya miaka yote hii." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Nikajiona mwenye roho mbaya. Labda nilikuwa nimemwonea bure yule mwanaume. Jioni nikampelekea sufuria nzima ya gumbo, mchuzi wetu mzito wa kamba, na sufuria ile inaniuma mpaka leo.

Siku ya padri kuja kubariki boti, gati lote lilikuwa bendera na harufu ya kamba wanaochemka. Bui alikuwa amesimama nami anakunywa kahawa.

"Ovide alichukua stata gani mwishowe?" akaniuliza.

"Ya lori."

Akashusha kikombe. "Nilimweleza yule. Nilimfungulia zote mbili aone. Ya boti imezibwa, cheche zinabaki ndani. Ya lori iko wazi. Kwenye lori cheche zinapotea na upepo, lakini kwenye boti mvuke wa petroli umelala chini tumboni, hauna pa kwenda. Siku cheche ikiukuta, boti inapasuka."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza, ikipasuka, mtu aliyesimama gatini anaumia?"

Nikageuka. Earline alikuwa kwenye usukani, anafungua uzi shingoni. Ovide, mtu aliyezoea kuwa wa kwanza kupanda, alikuwa gatini, mbali, ameshika ncha ya amari inayoifunga boti. Ndipo nikakumbuka kwamba wiki ile yote, kila injini ile ilipowashwa, yeye alikuwa kwenye meza yangu, anauliza bei ya barafu.

Nilikwenda mbio. "Earline, usiwashe. Mwache mumeo awashe."

"Shemeji, usituharibie siku," Ovide akasema. "Padri anasubiri."

"Panda uwashe wewe."

"Nimeshika amari, huoni?"

"Nipe mimi."

"Goti linanisumbua. Halafu boti inawaka vizuri tu, muulize dada yako."

"Yeye ndiye wa kuulizwa, kweli, maana wewe tangu uifunge stata hiyo hujawahi kuwemo ikiwashwa."

Nikayasema yote ya Bui, kwa sauti ya watu wote kusikia, hata lile swali. Bui alikuwa nyuma yangu, akaitikia kwa kichwa. Earline hakumtazama Bui wala mimi.

"Ulimuuliza hivyo?"

"Nilikuwa nauliza tu," Ovide akasema. "Mtu si anauliza?"

Earline akakipigapiga kwa kiganja kiti cha pembeni ya usukani, taratibu, kama anavyomwita mumewe mezani. "Njoo uwashe, Ovide. Mara moja tu. Mimi nitakaa hapa hapa, karibu yako."

Gati zima lilimsubiri. Ovide akamtazama padri, akatazama buti zake zinazovuja. Hakunyanyua mguu.

Earline akashuka. Akamvalisha ufunguo, akaunyoosha uzi vizuri shingoni kama anavyomwekea kola Jumapili, na nilipomtazama mdomo niliona umechoka. Akanishika mkono, tukaondoka.

Siku hizi anachambua kamba na mimi. Boti iko pale pale ilipofungwa. Ovide hupita na ufunguo wake shingoni, akiulizwa anasema ataipeleka baharini wiki ijayo, na hakuna mtu aliyewahi kuisikia ikiwaka tena.