Picha ya Mama wa Mjomba

Miwani, jina la utani lililomganda, husafisha picha za zamani kwa kompyuta katika studio moja ya mtaani. Siku hiyo mjomba wake alikuwa amekaa nyuma yake, miguu haitulii. Mama wa mjomba alifariki mwanawe angali wa kubebwa, akaacha picha moja tu, uso umezama kwenye kivuli cha mlango. Mjomba hakuwahi kuuona uso huo. Na karatasi yenyewe ilichanika vipande asubuhi ile walipoibandua kwenye kioo cha fremu; bahati ilikuwa imeshapita kwenye skana pamoja na kioo chake.

"Ongeza tu mwanga, mwanangu."

"Nikiongeza kavukavu, mjomba, ukuta utaungua kabla uso haujatoka."

Kwa kompyuta, kila nukta ya picha ile ni namba: sifuri ni weusi, 255 ni weupe. Miwani akaandika programu igawe kila namba kwa 255, kisha iipandishe kwa kipeo cha nusu, hesabu ya kuinua mwanga ambayo mafundi huiita gama. Weusi kamili na weupe kamili havibanduki. Vya kivulini ndivyo vinavyoinuka. Akabonyeza.

Picha ikaja nyeusi tii.

"Ndo mwanga huo? Mbona umemzika mara ya pili?"

Miwani akapekua mistari ya programu. Alisahau kuzidisha tena kwa 255; namba zote zilibaki kati ya sifuri na moja, weusi mtupu. Baya zaidi, kwa mazoea ya studio, ambako diski imejaa hadi shingoni, programu iliandika juu ya faili lilelile. Picha ya awali, ile nzima, sasa ilibaki ndani ya programu iliyo wazi tu. Kompyuta ikizimika, kwisha habari.

Umeme ukakatika. Betri ya akiba chini ya meza ikaanza kulia pi, pi.

"Rekebisha nimwone!"

"Kwanza niihifadhi ilivyokuwa."

"Giza lote lile la nini? Nionyeshe, inazima hiyo!"

"Mjomba, nyamaza."

Hakuwahi kumjibu hivyo. Akaandika jina jipya la faili, akakosea, akafuta, akaandika tena. Likaingia. Kioo cha kompyuta kikafa.

Umeme uliporudi, feni ikaanza kuzunguka. Miwani akatafuta faili. Lipo. Akaongeza kile kizidisho, akabonyeza jicho moja amelifumba.

Kivulini akatoka msichana mwenye masikio ya mjomba, amebana midomo kama anayezuia kicheko.

"Kadogo hivi?" mjomba akanong'ona. "Wajukuu zangu wamemzidi umri."

Akakohoa, akaketi wima.

"Shikamoo, mama."