Siku Baba Aliponiruka

Nilipokuwa mtoto, wenzangu pale Mandawa waliniita Kisoda, kile kifuniko cha chupa ya soda, kwa ufupi wangu. Kwa hiyo baba aliponiruka, asubuhi moja ya msimu wa ufuta, sikuona la kucheka.

Nilikuwa nimejilaza mkekani, mlangoni kabisa. Baba alitoka ndani na gunia begani, dereva wa bodaboda akimpigia honi, akapita juu yangu kwa hatua moja ndefu. Bibi alikuwa barazani akipepeta.

"Umemruka mtoto, wewe! Rudi umruke tena, atadumaa!"

Pikipiki ilishaondoka kwenda Ruangwa mjini. Bibi akacheka, akarudia ungo wake. Kwake yaliishia hapo.

Mimi nilijua kanuni: aliyekuruka ndiye akuruke tena, akirudi alikotokea. Sasa nikiinuka, baba atakuja kuruka nini? Nikabaki palepale. Kivuli kikanihama, jua likanipanda miguuni, kisha tumboni. Binamu zangu walikuja kunizunguka.

"Kisoda kimegandia chini! Leteni jembe tukibandue!"

Mama alinivuta mkono. "Inuka, wapita njia watatuonaje?" Nikang'ang'ania mkeka. Akanichapa kofi la paja, akaenda zake shambani. Simlaumu, ufuta ukikauka haungoji mtu, unapasuka na kumwagika. Bibi naye, alipoona machozi, alisema, "Mjukuu wangu, nilikuwa natania tu." Nilitamani kumwamini. Lakini sauti iliyonitisha ilikuwa hiyohiyo.

Mchana mkojo ulinitoka mkekani. Sikuinuka.

Baba alirudi alasiri, mama naye ameshatoka shambani, akamsimulia kwa ukali. Nikangoja kicheko chake. Badala yake alichuchumaa kando yangu, karibu na ule unyevu, kama hauoni.

"Nilipita upande gani, mama?" aliniuliza; ndivyo alivyozoea kuniita mimi, bintiye.

Nikamwonyesha.

"Kwa mguu upi?"

"Wa kulia. Na ulikuwa na gunia."

Lile gunia alishaliuza. Alifikiri kidogo, akazungukia mlango wa uani, akarudi mbele ya nyumba na gunia la makopa ya muhogo begani. Hata binamu zangu walisogea kumpisha. Akasema, "Bismillahi," akatanguliza mguu wa kulia, akaniruka kuingia ndani.

Sikurefuka. Leo nafundisha Nachingwea, na wanafunzi wangu wa darasa la saba wengi wananipita kimo. Kama ile imani ina ukweli, sijihangaishi kuamua. Lakini binti yangu anapogoma jambo kwa sababu nisiyoielewa, hasira hunipanda kama ilivyompanda mama, na mkono huwa tayari. Mara nyingine nachelewa kuuzuia. Mara nyingine nalisikia tena lile gunia la makopa likitua sakafuni nyuma ya kichwa changu, na miguu yangu, iliyokufa ganzi, ikikubali kusimama.