Wiki Tuliyopeleka Skauti Ngenge

Utotoni sikuwahi kuvaa skafu. Shule niliyosoma, huko vilimani juu ya Muleba, haikuwa na skauti, na hata ingekuwa nao, baba yangu asingekubali kununua kaptula ya pili. Niliingia skauti nikiwa mtu mzima, mwenye mke na mtoto, karani wa ghala la kahawa pale Izigo. Ilikuwa miaka kumi hivi baada ya uhuru, na kilichoniingiza kilikuwa turubai.

Mwalimu mkuu wa shule ya msingi alikuja ghalani kuomba lifti ya kwenda Bukoba, akanikuta nafunga turubai juu ya lori la kahawa. Alisimama akiangalia mikono yangu mpaka nikamaliza.

"Mafundo hayo kakufundisha nani?"

"Marehemu mjomba wangu. Alikuwa anafunga mizigo kwenye mitumbwi ya Kemondo."

"Basi njoo shuleni Jumamosi. Kuna watoto wanataka kuyajua."

Aliyekuwa akiwaongoza skauti wa shule ile alikuwa padri Mzungu, naye alikuwa amerudi kwao. Walimu waliobaki hawakutaka kazi ya Jumamosi isiyo na mshahara. Nilidhani nitafundisha mafundo kwa mwezi mmoja kisha niendelee na shughuli zangu. Mwezi ulipoisha watoto walikuwa wakiniita Mkuu, na mimi nilikuwa nikiitika.

Wazazi wengi wa Izigo walikuwa Wakatoliki na mimi Mlutheri, na hilo lilizungumzwa. Baba mmoja, mkulima mwenye kibanja kizuri cha migomba karibu na kanisa, aliniuliza mbele ya watu waliopanga foleni kwenye mizani ya kahawa.

"Waitu, bwana, hao watoto unawafundisha mafundo au unawafundisha dini yenu?"

"Mafundo," nikamwambia. "Dini yetu haina mafundo."

Watu wakacheka, naye akacheka. Jumamosi iliyofuata alimleta mtoto wake wa kwanza, kijana mrefu wa darasa la tano, mpole, lakini mwenye maswali. Baada ya muda nilimfanya kiongozi wa kikosi, kwa sababu wenzake walimsikiliza bila yeye kupandisha sauti.

Mke wangu ndiye aliyeshona skafu. Alinunua kitambaa cha marekani, akakikata pembetatu, akakitia rangi ya kijani kwenye sufuria ambayo baadaye alikataa kupikia. Mvua ilipowanyeshea watoto rangi ilishuka, wakarudi nyumbani na shingo za kijani. Hatukuwa na mahema wala vitabu. Tulikuwa na kamba za katani kutoka ghalani na uwanja wa shule. Tulisafisha chemchemi, tukatengeneza machela za kubebea wagonjwa kwenda zahanati, na kila Jumamosi, kabla ya kutawanyika, kila mmoja alisimama kueleza tendo jema alilolifanya wiki ile. Mmoja alieleza kwamba alimsaidia bibi yake kutafuta kuku aliyepotea. Wenzake wakapiga kelele kwamba aliyemfukuza kuku huyo mpaka akapotea ni yeye mwenyewe. Nilimwambia atafute tendo jingine.

Hivyo ndivyo tulivyoishi mpaka ukafika mwaka wa watu kuhamia vijijini. Pale Izigo hatukuguswa sana, maana nyumba zetu zilikuwa tayari zimebanana migombani. Lakini kule Ngenge, bondeni, watu waliishi mbalimbali, na serikali ilitaka wakae pamoja kando ya barabara, karibu na shule na maji. Katibu tarafa alikuja ghalani kwa Landrova. Alikuwa kijana kuliko mimi, msafi, mwenye sauti ya mikutano.

"Nimesikia una vijana wenye nidhamu," alisema. "Likizo hii nipatie kwa wiki moja. Wachimbe vyoo, wachote maji, wasaidie wazee kubeba mizigo. Lori nitaleta."

Nilifurahi. Nasema kweli, nilirudi nyumbani nikipiga mluzi. Mambo ya nchi yalikuwa yakizungumzwa redioni kila siku, na sasa kundi letu la skafu za marekani lilikuwa limeombwa kushiriki. Mke wangu alikuwa anamenya ndizi. Hakuinua kichwa.

"Hao watu wanahama au wanahamishwa?"

"Wanakwenda kwenye maji na shule."

"Sijauliza wanakwenda wapi."

Nilimwambia aache maneno ya kupinga maendeleo. Akaniwekea dagaa wakavu kwenye mfuko kwa ajili ya safari.

Kijiji kipya kilikuwa vigingi na kamba. Mistari ilikuwa imenyooka kwenye nyika tupu ya majani marefu, na hapa na pale palikuwa na kibanda cha fito ambacho hakijakandikwa. Siku za kwanza zilikuwa njema kuliko kambi zote nilizowahi kuziongoza baadaye. Watoto walichimba vyoo wakiimba. Walikata fito, wakaezeka nyumba ya mama mmoja aliyekuwa na mapacha wachanga, wakachota maji mpaka mabega yakachubuka. Watu waliokuwa wamehamia kwa hiari yao walitupikia viazi na maharage, na wazee walikuja jioni kutazama mafundo. Katibu tarafa alipita, akatusifu, akasema atatutaja wilayani.

Kisha asubuhi moja alikuja na mgambo, akasema leo tunakwenda kwa waliobaki nyuma.

Tulitembea tukielekea chini ya kilima, mahali kijito kinapotokea. Hapo palikuwa na kibanja kidogo, kijani katikati ya nyasi kavu, na nyumba moja ya msonge. Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee, mjane. Alikuwa ameketi mlangoni na kikapu cha kahawa mbichi magotini, anachambua. Kando ya nyumba, chini ya migomba, palikuwa na kaburi la mumewe lenye msalaba wa mti.

Katibu tarafa alimsalimu vizuri, kwa Kihaya, kwa adabu zote. Mzee aliitikia. Kisha katibu akasema muda aliopewa umekwisha, mgambo wataondoa paa, na vijana hawa watambebea vitu vyake. Mzee aliendelea kuchambua kahawa. Mgambo wawili walipanda juu ya nyumba na kuanza kung'oa nyasi za paa. Vumbi jeusi la moshi wa miaka mingi likashuka juu ya kichwa chake, naye akalipangusa kwenye kikapu, si kichwani.

"Haya, skauti!" katibu aliita. "Ingieni mtoe vyombo."

Hakuna aliyeingia. Watoto walinitazama mimi. Kiongozi wa kikosi alinisogelea, akaniuliza kwa sauti ndogo, na najua hakuuliza kwa ubishi.

"Mkuu, na hili Jumamosi tutalisema?"

Nilielewa anachouliza. Nilijaribu kulisikia tendo lile likisemwa mbele ya wenzao darasani: wiki hii niliingia katika nyumba ya bibi mmoja asiyetaka, nikatoa vyombo vyake. Nilikuwa na mtoto mdogo na kazi ya ghala, na kazi ya ghala ilikuwa mkononi mwa watu waliokula meza moja na katibu tarafa.

"Kaeni chini," nikawaambia watoto.

Wakakaa kwenye nyasi, wote pamoja.

Katibu alinijia. "Unafanya nini?"

"Ndugu katibu, wewe uliniomba watoto wa kusaidia. Mtu anayetaka kubebewa watambebea, hata mpaka Bukoba. Nyumba ya mtu asiyetaka hawataigusa."

"Unapinga agizo la serikali mbele ya watoto?"

"Sipingi. Mgambo wako wapo, waache wafanye kazi yao. Hawa ni wanafunzi, niliwaombea ruhusa kwa wazazi wao. Wazazi hawakuniruhusu kwa jambo hili."

Sidhani katibu alikuwa mtu mbaya. Alikuwa na jasho, na alikuwa na nyumba nyingine za kumaliza kabla ya jua kuzama. Alitaka kusema neno, na wakati huo huo mzee aliweka kikapu chini, akainuka. Alikuja mpaka walipokaa watoto, akawapitia mmoja mmoja kwa macho.

"Ninyi ni watoto wa wapi?"

"Wa Izigo, mukaka," kiongozi wa kikosi alijibu, akimwita bibi kama tunavyowaita bibi zetu nyumbani. Wote wakasimama.

"Mbona mmekaa?"

"Mkuu wetu amesema tukuulize kwanza."

Sikuwa nimesema hivyo. Nilikuwa nimesema wakae chini tu. Lakini sikumsahihisha.

Mzee alinigeukia. "Basi niulize."

Kwa hiyo nikamuuliza, pale pale, paa la nyumba yake likiwa nusu. Nilimuuliza kama anataka tumsaidie, na kama anataka, tumsaidie nini. Nilijisikia mjinga kuuliza swali hilo wakati mgambo wako juu ya nyumba. Yeye hakuliona la kijinga. Alifikiri, akatazama paa, akatazama kaburi.

"Nyumba imekwisha," alisema. "Vyombo vyangu nitavitoa mimi. Ninyi nichimbieni migomba."

Alitaka machipukizi. Alituonyesha mgomba kwa mgomba, akizitaja aina za ndizi: hii enshakala, ile enchoncho, huu msiuguse, huu una ugonjwa. Watoto walikuwa wa nyumba za migomba wote, hakuna aliyehitaji kuelezwa namna ya kukata shina bila kulijeruhi. Walichimba, wakafunga machipukizi kwa kamba zetu kwenye miti mirefu, wakabeba wawili wawili kama wabebavyo machela. Mzee alitoka ndani na sufuria, mikeka miwili, jembe, na picha ya Bikira Maria iliyofungwa kwenye khanga. Alikwenda kaburini peke yake. Hakuna aliyemfuata, hata katibu. Aliporudi alitembea mbele yetu, nasi nyuma yake, msafara wa majani mabichi kwenye nyika.

Kiwanja alichopewa katika kijiji kipya kilikuwa nyasi na mawe. Tulichimba mashimo, tukaomba samadi kwa yule mama wa mapacha aliyekuwa na mbuzi, tukatandaza majani makavu. Mzee aliketi juu ya sufuria yake iliyopinduliwa, akituelekeza kwa ukali. Siku zilizobaki za wiki hatukwenda kwenye nyumba nyingine yoyote. Tulimjengea kibanda, tukakikandika, na alilalamika kwamba mlango umekaa upande wa upepo. Tuliubomoa ule ukuta tukaujenga upya.

Katibu tarafa hakutusafirisha kurudi. Lori halikuonekana. Tulianza kutembea, mpaka gari la padri mmoja wa misheni lilipotukuta njiani na kuwachukua wadogo kwanza.

Niliitwa wilayani. Nilikalishwa kwenye benchi tangu asubuhi, kisha nikaingizwa mbele ya mkubwa mmoja aliyenisikiliza hadithi yote bila kuandika chochote. Alisema nimemdhalilisha kiongozi. Alisema pia kwamba vyoo vilikuwa vimechimbwa vizuri. Niliambiwa nisishike kundi la vijana mpaka nitakapoarifiwa. Kazini ghalani sikufukuzwa. Mke wangu alinipokea kwa chakula na hakunikumbusha swali lake, jambo ambalo liliniuma kuliko kama angelisema.

Mwalimu mkuu alilishika kundi kwa jina tu. Mafundo hakuyajua, kwa hiyo watoto walikuja ghalani baada ya masomo kuniuliza, nami niliwajibu nikiwa nyuma ya mizani. Hakuna aliyeniarifu kwamba hilo limekatazwa.

Mzee wa Ngenge nilimtembelea mwaka uliofuata, nilipotumwa kule na gari la chama cha ushirika. Migomba mingine ilikuwa imekufa kwa jua. Iliyobaki ilikuwa imefika begani mwangu. Baadhi ya majirani zake walikuwa wamekwisha kurudi kimyakimya kwenye mahame yao, na nilidhani naye atakuwa anajiandaa. Nilimuuliza. Alinikaribisha kitini kwanza, akanipa ndizi za kuchoma.

"Nirudi kufanya nini? Kule nilikuwa nalala peke yangu na fisi. Hapa mama mapacha ananiletea moto asubuhi."

"Kumbe ulitaka kuhama?"

"Nilitaka kuulizwa," alisema, akaanza kunieleza habari za mgomba mmoja uliokuwa umeshikwa na funza.

Kila ulipofika Novemba, mwezi wa kuwaombea marehemu wote, mzee alikwenda kufyeka kaburi la mumewe. Kijana yule kiongozi wa kikosi, ambaye wakati huo alikuwa akisoma sekondari Bukoba na kupanga chumba mtaa wa Kashai, aliwahi kumsindikiza. Nililisikia hilo kutoka kwa baba yake. Yeye mwenyewe hakunieleza.

Kundi nilirudishiwa baadaye, katibu tarafa alipohamishwa na mwingine akaja asiyejua habari zangu. Jumamosi ya kwanza mvua ilinyesha tangu alfajiri. Tulijibana katika darasa la tano, watoto wengi wapya nisiowajua majina, paa la bati likipiga kelele hata sikuweza kusikika. Nikavua shati langu, nikaomba jingine kwa kijana aliyekuwa karibu, nikapitisha miti miwili katika mikono ya mashati yote mawili, yakawa machela, nikamwonyesha mdogo kuliko wote alale juu. Alilala akifumba macho kwa nguvu kama mgonjwa wa kweli. Wenzake wakamwinua, wakazunguka naye kati ya madawati, na hawakutaka kumshusha.