Clem Orrell Apitia Baa Akienda Kuzikwa

Clem Orrell, Mungu amrehemu, alikuwa tarishi wa posta. Alipostaafu aliendelea kuzunguka vilima vya Derbyshire, Uingereza, kila Jumamosi, ila sasa hakupeleka barua, alikwenda kuonja bia. Hapakuwa na baa kongwe, zile za dari la kugongea kichwa, ambayo hakujua bia ya pipa lake imeiva lini. Dada yake Hester, Mmethodisti aliyeapa utotoni kutoonja pombe na kweli hakuonja, alimwonya kwamba atafika jehanamu na povu kwenye masharubu. Clem alimjibu kwamba baa ya Kwato Tatu ilitangulia kanisa, maana mafundi wa kanisa walihitaji pa kulala, na hawakuwa wakilala na kiu.

Aliacha ombi moja: wabebaji wa jeneza lake wapitie Kwato Tatu, wanywe kwa niaba yake. Hester alitaka kaka yake azikwe kwa heshima, asiangushwe mbele ya mchungaji. Akaruhusu glasi moja kwa kila mtu, akabaki garini na jeneza.

Maskini, hakujua kwamba wanaume sita hawanywi glasi moja moja. Wa kwanza huwanunulia wote, na wa pili hawezi kuondoka kabla hajawanunulia wote naye. Kuondoka ni aibu ya kuhama kijiji. Kufikia raundi ya tatu walikuwa wanaimba tenzi, kila mtu na wake.

Hester akaingia baa kwa mara ya kwanza maishani, akagonga kichwa kwenye boriti.

Walt, muuza nyama, mmoja wa wabebaji, akamsihi avumilie, zamu za kununua zimebaki chache.

"Na marehemu je?" Hester aliuliza.

"Marehemu hana haraka, dada. Lini ulimwona akitoka humu mapema?"

Hester alitaka kufoka, akajikuta anacheka huku machozi yanamtoka. Akamgeukia mwenye baa.

"Raundi hii ni ya Clem," alisema. "Anayejiona mkubwa kuliko marehemu, anunue baada yake."

Walt akavua kofia.

"Tunakunywa nini, dada?"

"Chai."

Waliinywa kama dawa ya minyoo, kisha wakambeba Clem wakiwa wima, bila kuyumba. Mchungaji, aliyekuwa amesubiri mlangoni mwa kanisa hadi pua ikawa nyekundu, aliuliza walikuwa wapi. Miaka yote Hester alikuwa akimtungia kaka yake visingizio.

"Baa," alijibu, akapita.