Spika Moja Kwetu, Moja kwa Jirani

Nimechoka, rafiki yangu, na nakwambia mapema ili usinilaumu nikienda polepole. Nimechoka na vumbi la Kitengela, na malori ya saruji, na kungoja maji ambayo yakija huja saa ambayo sipo. Jioni moja nilikuwa nyumbani, mtaa wa Noonkopir, nimekalia kiti cha marehemu baba, miguu ndani ya beseni la maji moto ya chumvi, binti yangu aliponiletea simu.

"Mum, si hii ndiyo ile picha yenu ya Magadi?"

Ilikuwa yenyewe. Farasi watatu wanavuta kigari juu ya uwanja mweupe usio na mwisho, na juu yao maandishi ya Kirusi. Kumbe santuri yetu ya utotoni imetolewa upya. Wamechukua kanda za zamani za okestra ya Kirusi iliyoipiga, wakazisafisha, wakaziweka mahali ambapo yeyote mwenye simu anaweza kusikiliza. Miguu ilinikaukia bila kuipangusa.

Sisi tulikulia Magadi, kando ya lile ziwa jeupe la magadi, katika nyumba za kampuni, baba akiwa fundi wa mitambo. Joto la huko halielezeki. Mama alikuwa akianua nguo kabla hajamaliza kuanika. Nyumba zilijengwa mbili mbili, zikishiriki ukuta mmoja. Sisi tulikuwa Wakikuyu wa Murang'a. Upande wa pili wa ukuta alikaa jirani, Mmaasai wa Kajiado, dereva wa trekta, mtu mrefu aliyeinama kwenye kila mlango. Mkewe alitutumia maziwa ndani ya kibuyu, maziwa yenye harufu ya moshi, na mama alirudisha kibuyu pamoja na bakuli la githeri, mahindi na maharagwe. "Chombo hakirudi kitupu," alisema, na ole wako umrudishie jirani kibuyu chake bila kutuma kitu pamoja nacho.

Mhandisi mmoja mzungu alipomaliza kazi na kurudi kwao, alimwachia baba mashine ya santuri, spika mbili, na santuri hiyo moja. Baba alizitazama spika mbili akaona ni za watu wawili. Ndivyo alivyolelewa: ukipewa viwili, kimoja si chako. Basi akatoboa tundu ukutani karibu na dari, akapitisha waya, na upande wa pili jirani akaipokea spika yake kwa mikono miwili. Kisha akaja kwetu kuiona santuri yenyewe. Alishika jalada, akatazama ule weupe wote chini ya farasi, akatikisa kichwa.

"Kumbe hata Warusi wako na magadi," alisema.

Hakuna aliyempinga. Theluji tungeijulia wapi?

Ilikuwa kila Jumapili baada ya kanisa. Kazi yangu ilikuwa kupangusa santuri kwa fulana kuukuu, maana vumbi jeupe liliingia hata ndani ya mfuko wake. Baba aligonga ukuta mara tatu kumwarifu jirani, akateremsha sindano, na feni ikaendelea kulalamika juu ya vichwa vyetu. Upande wetu ulinguruma. Ulikuwa na zile fidla kubwa za sauti nzito, na tarumbeta za kukushtua ukiwa na kijiko mdomoni. Halafu ulinyamaza kwa muda mrefu, na mama akasema, "Sasa imelala," akaenda kukoroga sufuria. Hapo ndipo dirishani kulipenya vijisauti vyembamba vya kwa jirani, vikipanda na kushuka. Hatukuvijali. Tulijua vile ni vyao, kama maziwa ni yao na githeri ni yetu.

"Yenu inalia tu!" tuliwacheka watoto wa jirani.

"Na yenu inakoroma!"

Ikiisha, jirani aligonga ukuta mara tatu, yaani asante, amesikia. Miaka ilikwenda hivyo. Sikumbuki hata Jumapili moja waliyokosana.

Kisha kampuni ikapunguza watu, na wote wawili wakaachishwa kazi. Jirani akarudi Kajiado, sisi tukahamia Kitengela. Siku ya kuhama kila mtu alichomoa kilicho chake. Jirani alibeba spika yake, baba akabeba yetu pamoja na mashine, na katika haraka ile hakuna aliyesema neno. Santuri ilipinda kwa jua njiani, lakini baba alipeleka mashine kwa fundi hapa mjini. Fundi aliuliza spika ya pili iko wapi, baba akamweleza, fundi akacheka. Alimwambia, "Mzee, zile spika mbili ni wimbo mmoja. Moja ni mkono wa kushoto, moja ni wa kulia. Miaka yote mlikuwa mnasikia nusu."

Baba hakucheka. Alikaa kwenye kiti hiki hiki mpaka chai ikapoa.

"Basi nilimpa mtu nusu," alisema, "na hata hiyo nusu nikaondoka na mashine, kinywa chake."

Alipougua alinirudia na neno hilo hilo: siku moja nimpelekee jirani wimbo mzima. Nikasema ndiyo, baba. Tulimzika, na mimi nikawa na kazi, na karo, na magoti yanayouma. Kajiado si mbali. Sina kisingizio kingine cha kukupa ila kuchoka, na aibu ya kuchelewa iliyokua kila mwaka niliochelewa.

Usiku ule nilitia visikizio masikioni. Sikio la kulia lilinguruma, na nikawa Magadi, nikasubiri ilale. Lakini haikulala. Mahali pale pa mama kukoroga sufuria, kwenye sikio la kushoto, vile vijisauti vyembamba vya kwa jirani vilipokea wimbo pale pale tulipouachia. Vilikuwa vikitujibu. Nililia, nakwambia kweli, nililia kama mtoto.

Jumamosi nikashika barabara ya Namanga hadi Kajiado. Nilimkuta jirani ameketi barazani, amekuwa mfupi, fimbo magotini. Niliinamisha kichwa kama zamani naye akakigusa.

"Takwenya," alinisalimia kwa Kimaasai.

"Iko," niliitikia.

Ndani, spika yake ilikuwa bado ipo. Imefunikwa kitambaa cha kufuma, juu yake chupa ya chai. Alinitazama nikiitazama.

"Baba yako alienda na mashine," alisema. "Mimi nilikasirika, sitakudanganya. Nilingoja aje. Nikasema, huyu Mkikuyu amenipea sanduku."

Nikamweleza yote: fundi, nusu, na maneno ya baba kitandani. Aliegemeza fimbo ukutani. Nilimtia visikizio, nikagonga lile sanduku mara tatu, nikabonyeza simu.

Wameisafisha mno, rafiki yangu. Ile mikwaruzo haipo tena, feni haipo, wala mama akisema imelala. Ukuta wetu, nasikia, sasa ni wa watu wengine. Nilikaa hapo nikiwaza kwamba nimemletea mzee wimbo usio na hata mmoja wetu ndani yake.

Alisikiliza kwa muda, macho ameyafumba. Kisha akatoa kile cha sikio la kulia, akanipa.

"Hii ni ya kwenu," alisema. "Shika. Mimi niko na yangu."

Waya ulikuwa mfupi, ikabidi nisogeze kiti mpaka mabega yakagusana. Kwangu kulinguruma kama ilivyokuwa, kisha kukanyamaza. Nikageuka nikamtazama usoni, nikajua kwamba sasa kwao kunaimba.